Isitoke Kabla ya Alfajiri

Kazi yake ilikuwa kuandika habari za waandishi wenzake, na kama kuna kazi nyingine inayomkosesha mtu marafiki kuliko hiyo, mwenye kuijua aitaje. Mwandishi wa michezo akiingia mgahawani, watu wanamsogezea kiti. Wa siasa anachukiwa, ndiyo, lakini anachukiwa na wanasiasa, na hilo mtu anaweza kujivunia hata mbele ya wakwe. Yeye alichukiwa na watu aliosoma nao chuo, aliokula nao sahani moja, ambao wengine wao walimchezea kwenye harusi yake mpaka viatu vikakatika. Gazeti likifungwa, yeye ndiye anayepiga simu kuuliza wangapi wamemwaga unga. Mtangazaji akitoweka hewani, yeye ndiye anayetaka kujua kama aliacha au aliachishwa. Redio ikisema uongo, ataushikia kidedea wiki nzima mpaka wenye redio waombe radhi huku wanasaga meno.

Walimwita Nani Kasema. Jina lilianzia chumba cha habari, kwa sababu ukimletea umbea, kabla hujafika nusu ya sentensi ameshakukata: "Nani kasema?" Ukimtaja huyo nani, anauliza huyo naye kaambiwa na nani. Jina likatoka ofisini likamfuata hadi ukweni. Akitokea mlangoni siku ya shughuli, wifi yake anawakonyeza wenzake: "Haya, funikeni vyungu, gazeti limeingia." Watu wanacheka, naye anacheka, kisha anatafuta kiti cha pembeni na hakuna anayemwambia la maana mpaka anaaga. Hata mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyeua hata mende, alishawahi kumuuliza mezani kijiko kikiwa mkononi: "Hii ni ya kuandika, au tunaongea tu?"

Wala hakuiomba kazi hiyo. Alianza na habari za mahakama, akazipenda, akajua hata hakimu gani husinzia baada ya chakula cha mchana. Siku moja mwenye dawati la vyombo vya habari akaacha kazi, akisema amechoka kula peke yake. Mhariri mkuu akamwita Nani Kasema ofisini. "Tushikie kidogo," akamwambia, "mpaka tumpate mtu." Huyo mtu anatafutwa mpaka leo. Wakati ule alikuwa hajaolewa. Sasa kifungua mimba wake anamzidi kimo.

Podikasti ilikuja baadaye, wakati kila ofisi ilipoamka na kusema lazima iwe nayo. Yake ilikuwa ya kila siku ya kazi: habari kubwa chache, kisha mwishoni kipande chake mwenyewe kuhusu magazeti, redio na televisheni, nani kasema kweli na nani katia chumvi. Hurekodiwa jioni na kutoka alfajiri. Na hapo, kwa mara ya kwanza, watu wakaanza kumpenda, kwa sababu walimsikia bila kumwona. Muuza nyanya alimtambua kwa sauti akamwongezea mbili za bure. Alirudi nyumbani amezishika mkononi, hataki hata kuzitia kwenye mfuko.

Chumba cha kurekodia kilikuwa zamani stoo ya karatasi. Ukutani mlibandikwa sponji za magodoro, mlangoni blanketi zito, na feni lazima izimwe kabla ya kuanza, kwa hiyo kila kipindi alikitoa anatiririka jasho. Ng'ambo ya kioo alikaa fundi sauti, na huyo fundi walimwita Sikio. Friji ikiwashwa jikoni kwenye kona ya mwisho ya ukumbi, Sikio anasimamisha kipindi. Saa ya mtu ikipiga kwenye kifundo cha mkono, anainyooshea kidole. Ndiye aliyezibandika zile sponji, moja moja, na gundi aliyoinunua mwenyewe ofisi ilipojitia hamnazo. Alimwita Nani Kasema dada, naye alimwita mdogo wangu, na katika jengo zima lile huyo ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kumuuliza kama maongezi yao ni ya kuandika. Walikuwa wakipiga soga humo ndani mpaka mlinzi anagonga mlango akidhani wamefungiwa.

Sasa yupo mtu mwingine wa kumjua, naye ni afisa uhusiano wa kampuni. Yeye na Nani Kasema waliajiriwa siku moja, wakagawana dawati moja bovu, wakaazimana mpaka pini za nywele. Kisha mwenzake akavuka upande wa menejimenti, na tangu hapo akawa anaongea kama tangazo la benki. Wanakaa ghorofa moja, wametenganishwa na ua la plastiki. Lakini Nani Kasema akiwa na swali kuhusu kampuni yao wenyewe, ati lazima atume barua pepe! Anaituma. Anamwona mwenzake anaisoma. Mwenzake anainua macho, wanatazamana juu ya lile ua, kisha anainama na kuandika: "Kampuni haizungumzii uvumi." Mtu mzima na akili zake.

Siku ninayoisema ilikuwa ya kawaida mpaka saa ya chai. Afisa uhusiano akapita kwenye dawati lake, akamgusa bega, akamwashiria kwa kidevu watoke ngazini.

"Shoga, nina habari yako," akasema huku akichungulia juu na chini kama mwizi wa kuku. "Lakini ni embago. Isitoke kabla ya alfajiri ya kesho. Podikasti yako ikitoka saa kumi na mbili, itoke nayo. Wewe wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Unakubali?"

Hapa wasioijua kazi hii waelezwe, wasije wakapotea njiani. Embago maana yake unapewa habari leo kwa ahadi kwamba hutaitoa, wala hutamnong'oneza mtu, mpaka saa mliyokubaliana ifike. Inasaidia, mtu unapata nafasi ya kuandika kwa kituo badala ya kukimbizana. Ila ina ujinga wake, na mimi nauita ujinga ingawa wenyewe wanauita utaratibu: unaahidi kwanza, ndipo unaambiwa. Hakuna anayekufungulia gunia ulione kabla hujalibeba. Nani Kasema alikuwa ameahidi hivyo mara chungu nzima na mgongo wake ulikuwa mzima.

"Nakubali," akasema. Hata pumzi hakuvuta. Mwandishi akisikia "wewe wa kwanza" hana tofauti na mtoto aliyeonyeshwa peremende.

"Kitengo cha sauti kinafungwa," akasema afisa. "Chote. Kesho. Watangazaji mtajirekodi wenyewe, mashine mpya zimeshafika, unabonyeza kitufe tu. Podikasti yako inabaki, usiwe na presha. Tena mnaongezewa dakika."

"Na mafundi?"

"Tunaoanisha majukumu."

"Nimekuuliza mafundi."

"Ndiyo hao hao, shoga. Wataambiwa asubuhi kwenye kikao. Menejimenti inataka jambo hili lifanyike kwa utu."

Utu! Podikasti inatoka alfajiri, kikao ni saa mbili, na kati ya hapo mtu anapiga mswaki huku anasikia kwenye podikasti kwamba hana kazi. Nani Kasema alimtazama mwenzake, akatafuta uso wa yule msichana waliyeazimana naye pini. Mwenzake akaangalia saa yake na kusema ana mkutano mwingine.

Aliporudi kwenye dawati, akamkuta nani amekalia kiti chake akijizungusha kama mtoto? Sikio. Anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Dada, nina jambo, nataka ushauri. Maana wewe ndiye unayewajua hawa watu nje ndani." Akasogeza kiti karibu, akapunguza sauti. Redio ya ng'ambo ya barabara ilikuwa inamtaka. Walimtaka awe mkuu wa mafundi wote, na walitaka jibu siku hiyo hiyo, mwisho saa kumi, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine waliyemweka benchi. "Mimi roho yangu haitaki kuondoka. Kile chumba pale chini nimekijenga kwa mikono yangu. Lakini mama watoto anasema nisikurupuke, nifikirie. Sasa wewe unasemaje? Nibaki au niende?"

Jamani. Kuna wakati mtu anatamani sakafu imeze kiti na yeye akiwa juu yake.

"Nenda," akasema.

Sikio akacheka. "Mbona hata hujafikiri?"

"Nimefikiri. Nenda."

"Kwa nini?"

Mtu ambaye kila siku anawauliza mabosi maswali mpaka wanatokwa jasho, akababaisha kama shahidi wa uongo. "Si ni cheo," akasema.

"Cheo? Ile redio? Wewe si ndiye uliyesema inaendeshwa kama duka la shemeji na mashemeji zake? Mimi ndiye niliyekurekodi, dada, nilicheka mpaka nikaharibu sauti."

"Wamebadilika."

"Nani kasema?" akauliza Sikio, na kwa sababu lilikuwa jina la dada mwenyewe, wawili waliokuwa dawati la jirani wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Sikio akaona hakucheka, naye akaacha.

"Kuna kitu nimekukosea?"

"Hapana."

"Basi sema kitu kinachoeleweka. Unaniambia niende kama unafukuza mbuzi."

"Nakuomba uende, mdogo wangu. Usiniulize. Nenda tu."

Sikio akasimama, akakirudisha kiti mahali pake, akakisawazisha kabisa na meza. "Sawa, dada. Nimekusikia." Akashuka chini bila kumsubiri aseme kitu kingine.

Damu ikamchemka Nani Kasema. Akamtazama afisa uhusiano juu ya lile ua la plastiki, akaondoka kwenye kiti chake, akamwendea. "Nataka uniachilie ahadi yangu. Kwa mtu mmoja tu. Hatatangaza, hatamwambia mtu."

"Niandikie," akasema afisa.

"Nimesimama mbele yako!"

"Nakuona, shoga. Lakini lazima kuwe na kumbukumbu. Niandikie."

Akarudi, akaandika. Vidole vilikuwa vinapiga kibodi mpaka jirani yake akageuka. Akamwona mwenzake anasoma, anakuna sikio, anaandika. Jibu likaja: "Ombi lako limepokelewa na litashughulikiwa." Angekuwa na jiwe angelirusha, nami nisingemlaumu.

Akapanda kwa mhariri mkuu. Mzee yule alikuwa anakula karanga kutoka kwenye droo, moja moja, na hakuacha. Alikuwa anajua kila kitu. Alikuwamo kwenye mkutano uliokata kauli. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Ulisema nini wewe," akauliza, "kuhusu yule kijana wa gazeti la jirani aliyetoa matokeo ya mitihani kabla ya saa yake?"

Nani Kasema alikuwa anajua alichosema. Nchi nzima ilijua, kwa sababu kipande kile kilisambazwa kwenye simu mpaka kikamfikia mama yake mwenyewe. Alikuwa amesema kwamba mwandishi asiyeshika ahadi ni mmbeya mwenye kitambulisho. Yule kijana aliacha kabisa uandishi baada ya hapo.

"Maneno yako niliwasomea wanafunzi wa chuo," akasema mhariri. "Walipiga makofi."

"Huyu ni mtu mmoja, Mzee. Ana jibu la kutoa leo. Akikosea, anakosa huku na anakosa kule."

"Na mafundi wengine wa kitengo hicho hawana watoto? Utamwambia huyu, wale uwaache kwa sababu hampigi nao soga? Akimwambia mmoja wao, kabla ya saa nane iko kwenye simu za watu wote, na sisi tumepigwa habari ya nyumba yetu wenyewe, wameitoa wengine kabla yetu. Wewe ukipigwa habari ya kwenu, nani atakusikiliza tena ukiwasema wengine?"

Kibaya zaidi ni kwamba mzee alikuwa na hoja. Angekuwa anaropoka, angemjibu akashuka zake na roho nyeupe. Mhariri akamsogezea karanga. Akazikataa.

Chooni alijimwagia maji usoni, kisha akampigia mumewe, akamkuta kwenye mapumziko kati ya vipindi, wanafunzi wakipiga kelele nyuma.

"Tuseme kuna mtu," akaanza.

"Huyo mtu ni Sikio," akasema mumewe.

"Sijasema ni nani!"

"Kuna mtu mwingine gani unayeweza kumlilia huko kwenu? Endelea."

Akaendelea, kwa mafumbo, bila kutaja hiki wala kile, na mumewe akaelewa yote, kwa sababu miaka yote hiyo ya kuishi na Nani Kasema ilimfundisha kusikia kisichosemwa. "Mwambie," akasema.

"Nimeahidi. Ahadi ndiyo inayonilisha. Nikiwa mtu wa kuvunja, nani atanipa habari tena?"

"Sijui mambo yenu. Najua kwamba ungekuwa umeamua kunyamaza, usingenipigia. Kengele imelia, nina wale watundu wa kidato cha pili. Mwambie." Akakata.

Lakini hakumwambia. Hapo ndipo mimi humkasirikia kila ninapofika, maana njia ilikuwa nyeupe na miguu alikuwa nayo. Alikaa kwenye dawati akaandika kipindi cha jioni. Aliandika habari ya bei, akaandika habari ya mgomo wa madereva, akaandika kile kipande cha mwisho, akakifuta, akakiandika tena. Alijipa moyo: Sikio amesikia, si nilimwambia nenda? Mara tatu nilimwambia. Mtu akiambiwa hivyo na dada yake hata asipoelezwa anaelewa kuna jambo. Labda ameshawaambia ndiyo, labda sasa hivi anakusanya vitu vyake. Akajipoza hivyo mpaka chakula cha mchana, na baada ya chakula, ambacho hakukila. Kisha akaiangalia saa ya ukutani, akaona kwamba saa kumi iko karibu, na hakuna labda hata moja kati ya zile aliyokuwa anaiamini. Akapiga moyo konde, akashuka ngazi mbio mpaka mlinzi akamuuliza kuna moto wapi.

Sikio alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya kile chumba, anarudishia sponji iliyobanduka.

"Funga mlango," akasema Nani Kasema.

"Dada, bado mapema."

"Funga."

Akafunga. Na yeye akayatapika yote kwa mkupuo mmoja, amesimama, mkono kiunoni, anahema: "Kitengo chenu kinafungwa kesho. Nyote. Nimeambiwa leo kwa embago, na sasa hivi nimeivunja, potelea mbali. Chukua simu, wapigie wale watu wa ng'ambo, waambie unakuja. Saa kumi haijafika. Piga!"

Sikio hakuchukua simu. Alisimama mlangoni na gundi mkononi.

"Nimeshawapigia," akasema.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia nabaki. Mchana, saa sita hivi."

"Lakini nilikwambia uende! Nilikwambia mara ngapi?"

"Uliniambia. Kwanza niliumia, nikasema dada amenichoka. Halafu nikatulia, nikasema hapana, dada hana roho hiyo. Amesikia kwa watu wake kwamba natakiwa kule, ananipima tu kama nitamkimbia. Na ulivyonikazania ndiyo nikazidi kuamini. Nikataka ujue mimi si mtu wa namna hiyo."

Nani Kasema alikaa kwenye kiti cha mtangazaji. Kisha akainuka tena, akachukua simu yake mwenyewe, akampigia mkurugenzi wa ile redio. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Kabla hatujaendelea," ikasema sauti upande wa pili, "hii ni ya kuandika?"

"Hapana. Nakupigia kwa ajili ya fundi wangu. Yule aliyekukatalia leo. Kulikuwa na kutoelewana, anakuja, yuko tayari hata kesho."

"Ameshaingia mwingine. Amesaini na ameshaonyeshwa kiti." Mkurugenzi akacheka bila furaha. "Na wewe, baada ya ile ya duka la shemeji, una uso wa kunipigia simu kuniomba kazi?"

"Mimi nimekosa, yeye hajakosa kitu."

"Nimeshakwambia ameingia mwingine, mama." Simu ikakatwa.

Sikio alikuwa amesikia kila neno, hata la upande wa pili. Masikio yale hayakuwa ya kufichwa kitu. Alifunika chupa ya gundi, akafuta vidole kwenye suruali.

"Asubuhi nilipokuuliza," akasema, "ulikuwa tayari unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako, nacheka, na wewe unajua."

"Nilikuwa nimeahidi, mdogo wangu. Nilikuwa nimeahidi kabla sijaambiwa ni nini."

Sikio alitikisa kichwa taratibu, si kukubali wala si kukataa. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Nani Kasema alimsubiri amtukane na matusi hayakuja, na hasira zote alizokuwa nazo kwa afisa uhusiano, kwa mzee wa karanga, kwa mkurugenzi wa mashemeji, zikamrudia mwenyewe zikakosa pa kukaa. Akayachukua makaratasi ya kipindi akayatupa sakafuni.

"Leo sirekodi. Wajirekodi wenyewe, si wana kitufe."

"Utarekodi," akasema Sikio. Akainama, akayaokota, akayapanga kwa namba, akayaweka mezani. "Wale mafundi wenzangu wengine watajua kwa nani? Kwa yule mama wa uhusiano?" Akazima feni, akapita ng'ambo ya kioo, akavaa vifaa vyake masikioni.

Habari ya bei ilikwenda vizuri. Ya madereva ilikwenda vizuri. Kisha akafika kwenye kipande cha mwisho, akasafisha koo, akasoma: "Na katika habari za vyombo vya habari, kampuni inayomiliki podikasti hii imetangaza kuoanisha majukumu katika kitengo cha..."

"Rudia," ikasema sauti ya Sikio masikioni mwake.

"Kuna kelele?"

"Hakuna kelele. Hilo neno. Lingetumiwa na mwandishi mwingine ungemsimanga wiki nzima."

Alikunywa maji. Akaanza upya: "Kampuni inayomiliki podikasti hii imepunguza wafanyakazi katika..."

"Rudia. Imepunguza? Sisi mchuzi? Halafu mwishoni sauti umeimeza, hakuna atakayesikia."

Walitazamana kupitia kioo. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele likishuka nyuma ya shingo. Aliyaweka makaratasi pembeni, akaisogelea maikrofoni, akasema bila kusoma: "Leo asubuhi kampuni inayomiliki podikasti hii inawafukuza kazi mafundi sauti wake wote. Sauti hii unayoisikia imerekodiwa na mmoja wao. Jana, kabla hajajua, aliniuliza mimi kama akubali kazi mahali pengine. Nilikuwa najua, na sikumwambia mpaka nafasi yake ilipopotea. Na ukiuliza nani kasema, ni mimi."

Ng'ambo ya kioo Sikio alikaa amejiinamia. Akarudisha nyuma, akakisikiliza kipande chote toka mwanzo, kidole juu ya kitufe, kama anavyosikiliza kila kipande. Akakata pumzi moja iliyokuwa imezidi. Akakihifadhi, akakipangia kitoke saa kumi na mbili.

"Hiyo ni safi," akasema.

Akavua vifaa vya masikioni, akavitundika, akachukua simu yake mezani na kuelekea mlangoni. Nani Kasema akasimama. "Unakwenda wapi? Kaa kidogo, tuongee."

"Nampigia mama watoto," akasema Sikio, akilisogeza lile blanketi. "Kila asubuhi anakusikiliza wewe kabla hajaniamkia mimi. Sitaki aisikie kwako."